Majina Manne Nje ya Boksi

Benchi moja la mtaa wa Kariobangi liliegemea ukuta wa saiba ya Opicho, duka lake la kompyuta na uchapishaji, na asubuhi hiyo ya Alhamisi watatu walilikalia wakinywa kahawa ya tangawizi ya Abdiqadir, mchuuzi aliyesimama kando na birika lake: Opicho mwenyewe, aitwaye Fonti kwa kupenda herufi za mapambo, mzee Kimeu, karani mstaafu wa mahakama, aitwaye Jaji, na Muhonja, aliyepakata kijitabu cha mazishi ya babake. Nakala zingetolewa saa sita. Jumamosi baba angezikwa Vihiga. Muhonja, asiyeamini neno kabla ya kulipima, alikuwa amehesabu orodha ya watoto mara tatu. Walizaliwa kumi na mmoja. Kijitabuni walikuwamo saba. Waliokosekana ni wanne wa nyumba ndogo, ya mke wa pili, yeye akiwa kifungua mimba wao.

— Fonti, sisi tuko wapi?

— Mko ndani, siz. Programu ya kudizaini haifuti kitu. Maneno yakizidi boksi, inayaficha tu.

— Bila kusema?

— Inasema. Inaweka alama nyekundu hapo kona.

— Kwa hivyo uliiona.

Fonti alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Ungeandika kwa Word, Muhonja akasema. Word ikijaa hufungua ukurasa mwingine. Haiulizi mtu ni wa mama gani.

— Word ni ya barua ya chifu! Hii ni sanaa. Chanda chema huvikwa pete, na jina jema huvikwa boksi.

— Napinga, akasema Jaji. Mficha uchi hazai. Na marehemu alizaa, tena sana.

— Mzee, hiyo methali haiingii hapo.

— Imeingia. Hiyo programu yako ilitengenezwa na watu wa bibi mmoja. Ikiona nyumba ya pili, inahang!

— Zii! Word ndiyo mbaya. Inachora laini nyekundu chini ya majina yetu yote. Kwake, Opicho ni kosa!

— Hata mwalimu wako alisema hivyo, akasema Jaji.

Muhonja aliyapima yote. Programu ilikata mkia wa orodha, hilo alilikubali. Lakini orodha ililetwa na nyumba kubwa, na si programu iliyowaweka wanne hao mkiani.

Mama mmoja, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Samahanini, akauliza. Kwani hilo boksi halivutiki likawa kubwa?

Jaji alimtazama Fonti. Fonti alikitazama kidole chake cha kubofyea. Abdiqadir aliinamisha birika, halikutoa tone.

Muhonja akasimama.

— Livute.

— Siz, nikilivuta, picha ya mzee itakatika. Sura yote itaharibika.

— Ikatike. Sura yake tunayo usoni, sote kumi na mmoja.