Mzee Luhende Mayala na Samaki Waliorudishwa Majini

Huyu tunayemsindikiza leo, Mzee Luhende Mayala, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 kijijini hapa, nje kidogo ya Dutwa, wilaya ya Bariadi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mayala na Mama Nyamizi. Mama yake alikuwa akisema kwamba hata kunyonya alinyonya jicho moja likiwa mlangoni.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1949 hadi alipomaliza darasa la nne, 1952. Kila hesabu aliyoandika mwalimu ubaoni aliirudia mwenyewe chini, si kwa utovu wa adabu, bali kuhakikisha.

Mwaka 1958 chama cha ushirika kilimwajiri kuwa mpima pamba. Alizamisha mkono katika kila gunia mpaka kwapani akitafuta mawe na pamba iliyomwagiwa maji, hata gunia la katekista. Mawe aliyapata mara nyingi, na hapo ndipo tabia yake ya kushuku ilipokomaa.

Tarehe 5 Agosti 1961 alifunga ndoa na Felisita Ndaki wa Binza, Maswa. Wakwe walikuwa wamepokea ng'ombe wa mahari bila kukataa hata ndama mmoja, naye akaahirisha harusi wiki nzima akiuliza wanaficha nini. "Walikupenda tu," Mama Felisita alimwambia miaka yote. Naye alijibu, "Bado nachunguza." Walijaliwa watoto sita.

Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, mizani ya ushirika ilikosa kazi. Mwaka 1994 marehemu alirudi nyumbani, na wanakijiji wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya lambo. Lambo letu ni ziwa dogo tu, kusini mwa kijiji, lakini kiangazi ng'ombe wote hunywa hapo. Alililinda kama mboni ya jicho.

Mwaka huohuo mnunuzi mmoja wa pamba kutoka Mwanza, Bwana Kristofa, alianza kuja kila Jumapili kupumzika, na kiti cha kukunja, chupa ya chai na fimbo ya kuvulia yenye kigurudumu cha uzi. Alivua kambare, akampima kwa utepe wa fundi cherehani, akaandika daftarini, kisha akamrudisha majini. Mtu gani anatoka Mwanza, penye ziwa lisiloonekana mwisho, aje kuvua asichokula? Tena kwetu anayehesabu mali ya mwenzake anaitamani. Hata ng'ombe hatuwahesabu mbele ya mgeni. Marehemu alijibanza kwenye matete Jumapili tatu mfululizo. Ya tatu alimwona mdogo wake wa damu, Jilala, akitia saini katika daftari lile.

Tarehe 12 Agosti 1995 alisimama kwenye mkutano wa kijiji. "Jilala ameuza lambo letu. Nimemwona kwa macho yangu akisaini."

"Kaka, nilikuwa shahidi wa samaki," Jilala akasema.

"Samaki ana kesi gani hata atake shahidi?" marehemu akauliza.

Watu waliangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomhukumu Jilala. Kristofa alikatazwa kurudi. Jilala alihamia Nyashimo na familia yake, na ndugu hawa wakaacha kusalimiana. Jambo hilo lilituumiza sana nyumbani.

Mwezi Mei mwaka huu, Kristofa alipoacha biashara ya pamba, alikuja kumkabidhi marehemu daftari lake. Alieleza kwamba anayerudisha samaki majini lazima awe na shahidi, maana hakuna anayemwamini mvuvi. Binti wa marehemu, Nyanjige, anayewasomea maneno haya, ndiye aliyemsomea: "Kambare, inchi ishirini na saba. Amerudishwa majini. Shahidi, Jilala." Ukurasa baada ya ukurasa, hakukuwa na kingine.

"Linaweza kuwa limeandikwa upya," marehemu alisema. Alikagua wino siku mbili. Siku ya tatu hakula. "Nimemfukuza mdogo wangu kwa ajili ya kambare," alisema, akalia mbele ya watoto wake.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Juni. Hospitalini alihesabu vidonge pamoja na muuguzi, kisha akavihesabu tena peke yake. Aliporudishwa nyumbani aliagiza Jilala aitwe, na tarehe 18 Septemba Jilala akafika na bakuli la mchuzi wa perege.

"Mwadila, kaka," akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Onja kwanza."

Jilala akanywa mafunda mawili.

"Sasa tungoje tuone."

Wakangoja. Wakaulizana habari za watoto, za ng'ombe, za miaka sita yote, mpaka mchuzi ukapoa. Ndipo marehemu akasema, "Nisamehe, Jilala," akalishika bakuli kwa mikono miwili, akaunywa wote.

Alifariki dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2001. Ameacha mjane, Mama Felisita. Watoto sita, Nyanjige, Mahona, Monika, Salu, Justina na Mayunga. Wajukuu kumi na wanane. Na mdogo wake Jilala, aliyelala naye chumba kimoja siku mbili za mwisho, mlango ukiwa haujafungwa.

Apumzike kwa amani, bila wasiwasi na mtu yeyote.