Gome la Mti wa Kukhu

Hamjambo nyote, mlioketi na mliosimama mlangoni. Nimeandika kwenye daftari kwa sababu mbele ya watu maneno hunitoroka. Nikisoma vibaya mnivumilie.

Mnajua nilimzika mume wangu. Baada ya matanga, ndugu zangu, nawaambia, nyumba ilinishinda. Sikuweza kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimeketi. Nakaa, nasimama, natoka. Nikawa natembea na simu nikipiga picha magome ya miti, karibu kabisa, mpaka mti haupo, imebaki mistari na nyufa tu. Kwa nini magome? Sijui mpaka leo. Labda kwa kuwa mti haukuulizi, "Sasa utafanya nini?"

Nilizituma kwenye kundi letu la simu, nikiuliza, "Hii ni nini?" Mmoja akajibu, "Visigino vya mume wangu." Mwingine, "Barabara yetu ikikauka." Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Picha moja ikawashinda wote, na mimi kwa majivuno nikaandika: "Ni mti wa mwiritsa wa nyuma ya nyumba ya Kukhu, yule nyanya jirani yangu. Mkubwa hata mikono yangu haifikiani!"

Hapo ndipo nilipoanguka. Sisi hapa tunajua magome ya mwiritsa huchemshwa kuwa dawa. Mimi nilikuwa nimeona mistari tu. Siku ya tatu nikaukuta umechunwa karibu shina zima, mwekundu kama nyama. Desturi yetu ni kutoa kipande upande jua linapochomoza, kingine linapotua, kisha unapaka udongo. Aliyeuchuna huu alibakisha ukanda tu wa upana wa kiganja. Sijui ni nani, na simsingizii mtu. Huenda alikuwa na mgonjwa nyumbani. Huenda hata ujumbe wangu hakuuona. Lakini mimi niliuandika.

Nilimkwepa Kukhu wiki mbili, nikipita njia ya mtoni. Nikafuta picha zote. Kutulia kukakataa kabisa. Hata ibada nilitoka katikati. Mmoja wenu, simtaji, akaniona nikizunguka soko bila kununua kitu. "Dada, huna safari wewe. Nenda kwa yule mama mwenye mti."

Nikaenda, nikamkuta Kukhu anachambua mboga ya mrenda.

"Kukhu, ni mimi niliyetangaza mti wako."

Hakuniangalia. "Ule alioupanda mzee wangu?"

"Huo."

"Kwa picha?"

"Kwa picha."

Akachambua majani mengine. Nilitaka kukimbia.

"Hiyo picha ilikuwanga nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, Kukhu."

"Basi usinisimamie hapo kama askari. Leta udongo na mavi ya ng'ombe."

Tulipaka, tukafunga kwa majani ya mgomba. Tunapaka tena kila Ijumaa. Upande mmoja matawi yamekauka, siwadanganyi. Lakini kando ya ule ukanda gome jipya linatambaa, laini, upana wa kidole. Hilo ndilo ninalopiga picha sasa, na Kukhu ndiye anayesema nani aione. Nikishika ndoo pale, miguu yangu inatulia. Kidogo tu.

Namshukuru Kukhu. Hajasema amenisamehe, nami sitamsemea. Namshukuru aliyenifukuza sokoni. Somo, kama mimi ni wa kumpa mtu somo: kabla ya kuonyesha kitu, muulize mwenyewe. Na ukiharibu, nenda ukiwa bado unaogopa. Mimi nilingoja woga uishe, haukuisha.

Ijumaa hii tunapaka sehemu ya juu, na Kukhu hawezi ngazi. Anayeweza, aje na ndoo.