Fundi Chungulia na Ngozi ya Chokaa

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake, kabla hatujamlaza mpendwa wetu, mkewe ameomba msikie maisha yake kama yalivyokuwa. Wasifu wa kwanza ulioandaliwa kwa ratiba hii ulisema marehemu aliugua kwa muda mfupi. Mkewe aliusoma, akaurudisha mezani, akasema, "Nimedanganywa vya kutosha kuhusu tumbo la mtu huyu. Sitaki kudanganywa mpaka kaburini." Kwa hiyo huu ni wa pili, na binti yake mkubwa anausoma kama mama yake alivyotaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mwendesha mtambo wa maji. Nyumba yao ilipakana ukuta na pampu. Walezi wake walisema alilala fofofo pampu ikinguruma, ikizimwa tu anaamka analia.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, kisha akajiunga na chuo cha ufundi. Kwenye imla alikuwa hoi, kwenye vipimo vya mabomba alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka 1976 aliajiriwa na idara ya maji, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2013. Huko ndiko alikopewa jina la Fundi Chungulia. Mafundi wengine wakifika kwenye sinki lililoziba huanza kugonga na kufungua. Yeye alitoa kurunzi na kioo kidogo, akapiga magoti, akasema, "Bomba halina mdomo wa kujieleza. Tuchungulie kwanza."

Dirishani kwake aliweka vipande vya mabomba alivyovikata. Alichokipenda kuliko vyote ni kipande cha bomba kuukuu la chuma, ndani kina utando mweupe mwembamba ulioachwa na maji. Mgeni akimaliza tu kunywa chai, anawekewa mkononi. "Umeiona hii ngozi ya chokaa? Ndiyo iliyolilinda. Bila hii, kutu ingeshalila zamani."

Alimwoa mkewe, mshonaji, tarehe 8 Juni 1985. Walijuana pale alipoitwa kutengeneza bomba lililokuwa linavuja kwenye chumba cha kushonea. Alilitengeneza, wiki iliyofuata likavuja tena. Akarudi. Likavuja tena. Siku ya harusi akakiri mbele ya wageni kwamba alikuwa akilegeza nati kila anapoondoka, ili aitwe. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na bibi harusi alicheka kuliko wote. Mkewe anasema angejua mapema kwamba mtu huyo anajua kudanganya huku uso umetulia tuli, angepunguza kicheko siku ile.

Msimamizi wake siku hiyo alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, mwenye duka la vifaa vya mabomba. Sote tunamwita Profesa, kwa sababu hasomi gazeti bila kutoa mhadhara.

Mwaka 2011 marehemu aliona damu chooni. Alipimwa kwa kamera, vikakutwa vinyama viwili kwenye utumbo mpana. Vilitolewa palepale. Daktari alimweleza kwamba vinyama vya aina ile vikiachwa vinaweza kugeuka saratani, na kwamba arudi baada ya miaka mitatu achunguliwe tena.

Hapo Profesa akaingia na mhadhara wake. Alikuwa amesoma kwamba watu wanaopata kalsiamu ya kutosha hawaoti vinyama hivyo sana. Akaongeza magnesiamu, akaongeza seleniamu. "Madini haya yanatosha, ndugu yangu. Ya nini kuingiziwa kamera?" Marehemu alitazama kile kipande cha bomba dirishani, akaona mambo yote yamekubaliana. Chokaa ndani ya bomba, kalsiamu ndani ya utumbo. Tangu siku hiyo alikunywa maziwa kama ndama, akatafuna mboga za majani, karanga na vidonge. Ukimuuliza anasema, "Najipaka ngozi."

Mkewe hakupinga. Vyakula vyenyewe vilikuwa vizuri. Ila mwaka 2014 alimkumbusha kipimo, na akasimama pale pale akimwangalia akinywa dawa ya kusafisha tumbo mpaka tone la mwisho. Asubuhi Profesa akaja na gari. "Shemeji, wewe baki na cherehani zako, mimi nitampeleka." Mchana marehemu alirudi amechoka. "Vipi?" "Safi. Kama bomba jipya." Mwaka 2019 wakafanya hivyo tena, neno kwa neno, na mkewe akapiga magoti akashukuru.

Novemba 2023 marehemu alianza kukonda na damu ikarudi. Baada ya vipimo, daktari aliuliza alichunguliwa lini mara ya mwisho. Mkewe alijibu, "Mwaka 2019, daktari, na alikuwa safi."

"Mama, huyu hajarudi kwetu tangu 2011."

Mkewe akamgeukia. Marehemu akatazama sakafu. "Mke wangu, niliona haya," akasema. "Kulala pale, kuchunguliwa na vijana wa umri wa wanangu. Tulikuwa tunakaa dukani kwa Profesa, nakula mkate, halafu narudi."

Daktari hakuyatukana madini. Alisema tafiti nyingine zimeona kalsiamu inasaidia kidogo, nyingine hazikuona kitu, na kula vizuri ni jambo jema. "Lakini utumbo si chuma, Fundi. Hauwekewi ngozi. Kinyama kikiota, tunakiona, tunakitoa. Tusipochungulia, hatukioni." Saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Siku iliyofuata Profesa alikuja hospitali na kopo jipya la vidonge. Koridoni muuguzi akamchangamkia, "Mzee, umekuja tena? Si tulikwambia kamera yako mpaka mwakani?" Mkewe alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika chupa ya chai.

Profesa akamgeukia. "Shemeji, mimi damu iliponitoka niliogopa, nikaenda. Nilikuwa nimemhubiria mno. Ningemwambiaje?"

"Kwa mdomo," mkewe akamjibu. "Huo huo."

Akamshika mkono wa shati, akampeleka mpaka kitandani aseme mwenyewe. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kumbe wewe ulichungulia?" Hakuwahi kumuuliza jambo lingine lolote. Usiku na mchana mkewe alimuuguza, akimlisha kwa kijiko, na hakuficha hasira yake hata siku moja. Marehemu alifariki nyumbani tarehe 2 Septemba 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Marehemu ameacha mjane, binti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu wanne, dada yake, na mafundi wengi aliowafundisha kupiga magoti na kurunzi. Ameacha pia rafiki, ambaye ameomba kubeba jeneza, na mjane amekubali. Amesema abebe upande wa mbele, kila mtu amwone.

Daktari ameshauri watoto wa marehemu nao wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kufuata damu. Kuanzia Jumatatu wataingia mmoja mmoja. Profesa alijitolea kuwapeleka kwa gari. Mjane amemjibu kwamba gari anaweza kulileta, lakini ufunguo amkabidhi yeye mjane, na mlangoni mwa chumba cha kamera atasimama yeye mwenyewe mpaka kila mtoto atoke.

Fundi Chungulia, mkeo amesema tukwambie haya mbele ya watu: ule uongo wa nati alishakusamehe ukumbini. Huu bado. Pumzika kwa amani, mume wake. Ukimsikia anakugombeza, ujue bado ni mkeo.