Karatasi Hamsini na Mbili za Japheth Menza

Waombolezaji, familia iliombwa iyasome maisha ya Japheth Menza Chengo kwa upole, nayo itajaribu, ingawa leo si kazi rahisi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1959 karibu na Kombani, mtoto wa tatu wa Mzee Chengo na Mama Shutu, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1967 hadi 1973, na mwalimu alipouona mwandiko wake akamtwika kazi ya kuandika majina kwenye vyeti vya wenzake, hata vya wale waliomshinda.

Mwaka 1979 alihamia Ukunda kuandika mabango ya maduka kwa brashi, na kuanzia 1985 akashika kadi za harusi, kwa zile herufi zake za madaha zenye mikia mirefu, wala hakuandika jina la bibi harusi mpaka mamake alitamke mbele yake, maana alisema kila jina lina pa kuvutwa na pa kuachwa. Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa Sidi, wakajaliwa Rai na Beryl, na ni Beryl tu aliyeitaka kalamu.

Mwezi Agosti 2019 alikuja Swabir, mwenye duka la uchapaji Ukunda, na shikamoo zake nyingi, akaomba aandikiwe kila herufi kwenye karatasi yake, kubwa na ndogo, azitundike dukani vijana wajifunze, na marehemu, ambaye hakujua kumkatalia mtu, akaziandika zote hamsini na mbili kwa miezi mitatu. Hao vijana walikuwa porojo tupu. Herufi zilitiwa kwenye kompyuta zikaitwa kwa jina la Swabir, na leo Diani nzima, saluni, hoteli, hata keki, imeandikwa kwa mkono wa Japheth bila mtu kujua.

Tarehe 3 Februari 2022 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, ndipo akazitaka karatasi zake zirudi apate kumfundishia Beryl, kwa kuwa hakuweza tena kumwonyesha. Beryl alikwenda dukani mara tisa, mara aje kesho, mara zimefungiwa, na mara ya mwisho akaulizwa karatasi kuukuu ni za nini. Kila alipomwona binti yake anarudi mikono mitupu, marehemu aligeukia ukuta. Alifariki tarehe 17 Mei 2025, hospitalini Msambweni, hajaziona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokaa nasi matangani, na waandishi wa mabango waliotengeneza msalaba, ambao jina lililo juu yake ameliandika Beryl, nalo limekwenda upande kidogo.

Bwana Swabir yupo, safu ya pili. Ratiba mlizoshika amezichapa yeye, bila kuombwa, kwa herufi hizo hizo, na jina lake liko chini. Familia haimshukuru. Wakati wa kutia udongo inamwomba abaki kwenye kiti chake, na siku Beryl atakapozipokea karatasi hamsini na mbili mkononi, aje, kaburi halihami, atatia udongo wake, mjane Sidi akimtazama.

Wewe, Japheth, pumzika kwa amani, sisi wengine bado.