Bamba Chini ya Barabara

Jumapili hiyo, ndani ya basi la jiji la Cleveland, Marekani, mzee mwenye beji ya shemasi alikuwa akijipepea kwa pepeo la karatasi lenye picha za marehemu Mchungaji Pettway na marehemu Diwani Strickland. Walitabasamu kama mapacha, ingawa enzi zao hawakusalimiana ila mwezi wa uchaguzi.

Odessa, aliyeketi kando yake, alishindwa kunyamaza. "Kumbe kaburini watu hupatana!"

"Dada, waheshimu. Leo tunawazindulia bamba la shaba. Barabara kuu ilipokuja, hawa ndio waliouokoa mtaa."

"Uliokolewa? Mbona mimi nilihama?"

"Walisema na wakubwa. Kanisa halikuguswa."

"Wee! Lingeguswaje? Barabara ilikata kona ikalikwepa kanisa, ikakata nyingine ikaikwepa ofisi ya diwani, halafu ikanyooka hadi jikoni kwangu. Mungu ni mwema."

"Kila wakati," shemasi akaitikia kwa mazoea, kisha akajuta. "Ungekuja mikutanoni, mama, usingekuwa na uchungu hivi."

"Nilihudhuria yote. Diwani aliahidi, mchungaji akasema amina, sisi tukafunga mizigo."

Basi likasimama chini ya barabara kuu. Kwaya ilikuwa imejipanga mbele ya nguzo ya zege, na juu yake bamba limefunikwa kitambaa.

"Mmelibandika kwenye nguzo ya barabara yenyewe?"

Shemasi akakohoa. "Hapa hakuna ukuta mwingine uliobaki."

Odessa akasimama, akaiweka sawa kofia yake. "Haya, tushuke. Ila ufute viatu, shemasi. Unaingia jikoni kwangu."