Mama Lucky na Picha ya Miguu ya Koko

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama chai ipo mezani, mimineni kwanza. Leo tunamkumbuka Penina Nnko, mpiga video wa Kaloleni, hapa Arusha mjini. Wengi mlimwita Mama Lucky. Alitutoka wiki iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Jumamosi tulimzika kwao, kule juu Meru, kando ya migomba ya baba yake.

Nawaomba msinune. Mwenyewe hakupenda watu wanaonuna.

Mama Lucky alipiga video za kipaimara, za sendofu ya kumuaga bibi harusi, za harusi yenyewe. Ukimwita kwenye sherehe yako, hakuanza na bibi harusi. Alianza nyuma ya ukumbi, kwa akina mama wenye masufuria. Aliwauliza majina. Aliwafuta masizi usoni kwa kitenge chake. Ndipo akawasha kamera. Mwanawe, Lucky, ameniambia: "Mama alisema mpishi huila sherehe kwa kunusa tu. Angalau awemo kwenye video."

Sasa, mwaka jana Mama Lucky alimpokea mwanafunzi. Jina lake Nalepo, binti wa Kisongo, anasomea kutengeneza filamu. Alikuja kwa mafunzo ya vitendo, wenyewe wanaita fildi. Alitegemea kukabidhiwa kamera siku hiyo hiyo. Akakabidhiwa kigoda.

"Kaa na watu kwanza," Mama Lucky akamwambia. "Kamera haina njaa."

Alimfundisha taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kukanda unga. Mwisho wa mafunzo Nalepo alitakiwa kupeleka chuoni filamu yake mwenyewe. Asipoipeleka, anarudia mwaka. Na baba yake alishasema kwamba ada ya kurudia mwaka hana.

Nalepo akachagua kumpiga video bibi yake, Namnyaki, ambaye nyumbani wanamwita koko. Alimpiga picha akikamua, akichota maji, akigombana na mbuzi. Ikabaki picha ya mwisho: koko anatoka mlangoni, anamjia mjukuu wake, uso unajaa kamera nzima. Mama Lucky alikwenda naye Kisongo siku hiyo.

Koko akatoka mlangoni. Akaja, anatabasamu. Picha nzuri kabisa. Alipokaribia, Nalepo akainama.

Wasikilizaji wapendwa, mnaotoka huko mnajua. Mtu mzima akikujia, unainamisha kichwa, naye anakiwekea kiganja. Hiyo ndiyo salamu. Nalepo amefanya hivyo tangu ajue kutembea. Akasahau kwamba jichoni ana kamera. Kamera nayo ikainama. Ikapiga vumbi, ikapiga miguu ya koko na ndala zake za matairi. Uso haukuonekana tena.

"Koko," Nalepo akasema, "rudi mlangoni uje tena. Jifanye hujaniona."

"Nimekuona, halafu nisikuone? Mimi nina wazimu?"

"Mara moja tu, koko."

"Nimeshakusalimu, mwanangu. Hicho kidude chako sikukizaa mimi, siwezi kukisalimia." Akaenda kwa mbuzi wake.

Mama Lucky alicheka mpaka akakaa chini. Nalepo alilia njia nzima.

Kesho yake, kwenye chumba cha kazi Kaloleni, Nalepo alitaka kuifuta ile picha. Mama Lucky akamshika mkono.

"Kwa nini unafuta?"

"Imeharibika, mama. Ni miguu tu."

"Kamera iliinama kwa nini?"

"Kwa sababu mimi niliinama."

"Na wewe uliinama kwa nini?"

"Si koko alikuja."

"Basi," Mama Lucky akasema. "Sisi wote tutajua aliyekuja ni nani. Filamu yako iishie hapo hapo kwenye ndala."

Nalepo hakuamini, lakini picha nyingine hakuwa nayo. Akaipeleka chuoni filamu inayoishia kwenye vumbi. Ilipofika mwisho, Nalepo akageuka kutazama. Mwalimu mmoja, mtu mzima wa Monduli, ambako nako husalimiana hivyo, alikuwa ameinamisha kichwa pale kwenye kiti, bila kujua. Nalepo akafaulu.

Jumamosi, kule Meru, Lucky alimwomba Nalepo apige video ya mazishi. Alianza nyuma, kwa wapishi. Aliwauliza majina. Baadaye koko Namnyaki akaja kutoka Kisongo, amevaa shuka yake nzuri. Nalepo akamwona, akainama na kamera yake. Koko akamwekea kiganja kichwani. Kisha, wasikilizaji wapendwa, akaweka kiganja juu ya kamera.

"Na wewe," akaiambia. "Pole kwa kufiwa."

Watu walicheka huku wanafuta machozi.

Poleni sana Lucky, na ndugu wote wa ukoo wa Nnko. Pole Nalepo, mwanafunzi wake. Mungu awafariji.

Nawe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna video ya kipaimara au ya harusi iliyopigwa na Mama Lucky, iwashe leo jioni. Usiruke mwanzo. Utaona akina mama wa masufuria wakicheka, wanamtazama mtu aliye nyuma ya kamera. Yeye mwenyewe hutamwona. Lakini tazama nyuso zao vizuri, maana wanayemchekea ni Penina.