Chikanda kwenye Basi la Mlowo

Kifuniko cha sufuria kiligonga kwenye giza la basi la alfajiri. Anastazia, aliyempakata mwanawe aliyekataa chakula tangu homa ya juzi, akasikia mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, akimkaribisha mzee mwenye baraghashia chikanda, kitafunwa cha kwao kinachofanana na soseji.

"Nyama nisiyemjua mchinjaji wake siili."

"Nyama iko wapi, baba? Ni viazi pori, karanga na magadi. Mnavichimba huku, mnatuuzia kwa magunia, halafu mnaogopa kipande!"

"Mie kazi yangu kuuza, sikuambiwa nionje."

Mama wa Nakonde akacheka, akageuka kumkatia mtoto wa Anastazia. Mtoto akatafuna polepole. Anastazia akashukuru. Basi likasimama kituo cha Mpemba, wale wawili wakingali wanabishana.

"Mama, nataka kingine," mtoto akamwambia Anastazia, akinyoosha kidole kwenye sufuria.